Mwaka Uliokosa Jina

Sisi Wagogo miaka hatuihesabu, tunaiita. Ulikuwapo wa Nzige, ukaja wa Sotoka, ng'ombe walipokwisha, na mtoto aliyezaliwa humo alibeba jina la majira yake. Bibi mzaa baba ndiye aliyelitamka, mlangoni mwa zizi, kwa sauti, ili pasiwe na mkubwa wa kuja kutudanganya juu ya jana yetu.

Lakini mwaka Wadachi walipopigana na Waingereza, pale Mvumi neno lilikosekana. Ng'ombe walikuwa wameshaswagwa kwenda bomani Dodoma, uwele wa ghalani ukafuata, kisha wanaume wakaanza kufungwa kamba shingoni wakabebe mizigo ya jeshi. Jirani yetu Seth aliuita mwaka ule Wizi, tena kwenye pombe tu. Alichapwa viboko hadi akawa analala kifudifudi.

Ndipo Zipora akajifungua binti. Mama mkwe wake, Bibi Hana, akasimama na kichanga mbele ya zizi tupu. Kabla hajatamka, akida Shaaban, mkubwa wa Wadachi pale kijijini, akaingia uani na askari wawili.

"Endelea, bibi. Mwaka huu wa Serikali mnauitaje?"

Yotham, baba wa mtoto, akanong'ona, "Mama, nakuomba. Mgongo utakaochapwa ni huu wangu."

"Sema kweli, mama," akasema Zipora.

"Nyamaza, wewe!" Yotham akamkemea.

Bibi akamtazama mwanawe. "Neema. Anaitwa Neema."

Akida alicheka hadi kilemba kikalegea. "Mmesikia? Na mimi nilidhani hapa pana njaa! Penye neema hapakosi uwele. Na baba mtu keshashiba, atabeba vizuri."

Wakaingia ndani ya tembe, wakabomoa ukuta, wakatoa uwele uliofichwa nyuma yake. Kamba ikaingia shingoni mwa Yotham, wakaanza kumvuta nje.

"Mama, umesema nini?" akalia.

Alisema alichotumwa na woga. Na woga haujawahi kumwokoa mtu. Humpa adui maneno tu.

Zipora akampokonya bibi mtoto. Akasimama mlangoni mwa zizi.

"Kunyang'anywa!" Sauti ilimpasuka. "Mwanangu anaitwa Kunyang'anywa!"

Askari wa nyuma akageuka. Akarudi taratibu, kiboko mkononi, akasimama karibu hata Zipora akamsikia akihema.

"Rudia."

Zipora akamfunika mtoto kwa mikono yote miwili, akainama juu yake, akarudia.