Kikombe Kilichowekwa Chini

Vumbi lilianza kuinuka upande wa mashariki, jembamba, kama moshi wa jiko la mtu mmoja. Jangwani hatuulizi nani anakuja, tunalitazama vumbi. La kondoo hutambaa, la gari hukimbia, la watu wenye kisasi huja limenyooka. Hili lilikuja limenyooka, Dughaim, mdogo wangu, nami nikaogopa.

Wewe ulikuwa ndani ya ngome yetu, umefunikwa joho la Kapteni Whitcombe. Ulifika jana yake na damu ya mtoto wa Shehe Mutib mikononi, uliyemuua katika ugomvi wa kisimani, ukalishika joho la yule Mwingereza ukasema, "Niko kwako." Akalivua, akakutupia mabegani. Sisi askari wake, watoto wa mahema, tukashusha pumzi, maana aliyefunikwa joho haguswi. Tulimpenda siku ile. Baba Miwani, ndivyo tulivyomwita, alikula nasi sinia moja, alilala nasi mchangani, alijua hata matusi tunayowatukana ngamia. Lakini kujua kwingi si kujua kote.

Niliogopa, Dughaim. Dele la kahawa lilikuwa mkononi mwangu.

Shehe Mutib akaingia, akaketi mbele ya Kapteni, hakuuliza habari ya mtu. Nikammiminia. Harufu ya iliki ikapanda. Akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele ya goti lake bila kukigusa kwa mdomo.

Kila mtoto wa jangwani anajua: kikombe kilichowekwa chini ni ombi, na mwenyeji akisema "kunywa", amelikubali kabla ya kulisikia. Kwanza huuliza, una haja gani? Nilimkodolea macho Kapteni. Nikakohoa. Mwenzangu Nuwairan akapiga chafya ya uongo, kubwa, ya kuamsha mbuzi.

Kapteni akatabasamu tu, kwa adabu zake zote. "Kunywa, mzee wangu. Hapa ni kwako. Ulitakalo ni lako."

Mzee akanywa. Akanywa polepole, hadi tone la mwisho, akafuta masharubu. "Mungu akupe umri, Baba Miwani. Namtaka yule uliyemfunika joho."

Jamani, hofu ina ladha. Ni ladha ya chuma.

"Simtoi," Kapteni akasema, uso umempauka. "Sikujua."

"Hukujua? Na moto, humwuliza mtu kama anaujua?"

Nikawaona wenzangu wanatazama mikeka. Akikutoa, joho lake ni kitambaa tu. Akikataa, neno lake ni upepo, wala hakuna hema litakalomwamini tena, yeye na sisi tunaofunga mshipi mwekundu wa askari wake. Bunduki yangu ilikuwa ukutani, karibu kabisa. Mkono ukaganda kwenye dele.

Ndipo ukatoka. Ulikuwa umesikia yote nyuma ya pazia. Ukalivua joho, ukalikunja taratibu kama mama alivyotufundisha kukunja mablanketi, ukaliweka magotini pa Kapteni. "Nimetoka mwenyewe, bwana. Hukunitoa wewe. Neno lako ni zima."

Kwangu ukasema, "Kaka, kahawa yako leo imeungua, nimeisikia harufu toka kule ndani." Ulikuwa unatania, na midomo inakutetemeka.

Vumbi la watu wa Shehe likakuchukua. Kabla halijatua tukasikia mlio wa bunduki, mmoja, mkavu.

Sasa ni alasiri. Kapteni amekuja jikoni bila kofia, ameketi chini mbele yangu. Nimemmiminia, kwa kuwa aliyeketi humiminiwa. Amekipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Amekiweka chini, mbele ya goti lake. Hanywi.

Amejifunza.

Najua anachokitaka. Nikisema neno moja, "kunywa", damu yako itakuwa imesamehewa kabla hata sijakulilia. Naogopa, Dughaim, kuliko nilivyoogopa asubuhi. Nauogopa ulimi wangu, uliozoea kukaribisha. Nimeuma meno. Upepo unaingia mlangoni, na vumbi lile lililokuchukua linatua, kidogo kidogo, juu ya kahawa yake.