Ukuta wa Mayala

Mbu walikuwa hai. Kemilembe alitikisa kikombe, nao wakaruka kama vile hawajawahi kuonja dawa. Jana aliwabana mbu hao, aliokuja nao kupimia dawa, chini ya bakuli la plastiki kwenye ukuta wa Ng'washi, uliopulizwa dawa mpya mwanzoni mwa mvua. Kisha aliwahamishia kikombeni, na kufikia asubuhi walipaswa kuwa wamekufa. Mbu aliowabana katika nyumba za jirani nao walikuwa wazima.

"Dawa imeshindwa," alisema Lwakatare, mkubwa wake kazini. "Tufunge mizigo, turudi Mwanza. Kijiji hiki tukifute kwenye orodha ya kupulizwa."

Ng'washi alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Ndugu, msituache. Tangu mpulize, huyu hajashikwa na homa. Mvua za mwaka jana nusura nimzike."

Kemilembe hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliupapasa ukuta. Ulikuwa laini, unanuka samadi mbichi.

"Mama, umesiriba ukuta huu lini?"

"Balozi wetu wa nyumba kumi alipotutangazia kwamba mnakuja. Wageni wa serikali wakute kuta zina madoa meupe ya dawa? Tumesiriba wote."

"Basi mmeifukia dawa chini ya udongo."

"Sisi? Nani aliyetuma habari kwamba anakuja?"

Aliyetuma ni Kemilembe. Akauliza, "Nani hajasiriba?"

Wanawake waliojaa uani wakaangua kicheko. "Nenda kwa Mayala, nyumba ya mwisho. Tangu tuhamie hapa, ukuta wake haujaona udongo. Yule uvivu ndio mkewe."

Lwakatare alinung'unika, lakini akakubali kulala tena kijijini. Asubuhi iliyofuata, mbu waliobanwa kwenye ukuta wa Mayala walikuwa chali ndani ya kikombe.

"Mlikuwa mnanicheka," Mayala akawaambia wanawake. "Kumbe mimi ndiye mlinzi wa dawa ya serikali!"

"Mlinzi asiyeoga," akajibu Ng'washi.

Nyumba zikapulizwa upya. Kemilembe akaonya kwamba hakuna kusiriba mpaka mvua ziishe, hata aje mkuu wa mkoa.

Safari iliyofuata hakutuma habari. Alimkuta Ng'washi akipepeta choroko, mtoto akifukuza kuku. Ng'washi aliruka, akavuta mlango, akaweka kigoda nje.

"Karibu, keti hapa hapa. Ndani kunatia aibu."

"Mbu ninao, mama. Lazima niingie."

Ng'washi alisita, akamtazama mtoto, kisha akasukuma mlango. "Ingia. Ila usiende kunisema huko mjini."

Kemilembe akaingia, akabandika bakuli lake juu ya doa jeupe kubwa kuliko yote.