Nyumba ya Pwani Iliyokaguliwa Saluni

Kila Desemba Johannesburg nzima inakwenda baharini, isipokuwa Tantine Gaudiose. Yeye anabaki Turffontein kuwasuka wanaokwenda. Wanafika saluni tangu saa moja asubuhi, wanakaa, wanatoa simu na kumwonesha picha: "Nataka hivi, na ikilowa chumvi isiharibike." Tantine anasuka. Amesuka hivyo miaka kumi na saba. Vichwa alivyovituma baharini ukivipanga foleni, cha mwisho kiko Turffontein na cha kwanza kimeshalowa Durban. Yeye mwenyewe bahari anaijua kwa picha tu, kama mtu anavyomjua shemeji aliyeko Canada.

Desemba iliyopita alisimama siku nzima mpaka miguu ikavimba kama mikate. Akamwambia mteja wa mwisho: "Mwakani mimi ndiye mwenye nyumba huko. Mtanikuta mlangoni na funguo."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi yangu pale saluni. Kusuka ni ziada tu.

"Kelly," akaniambia, "cheka vizuri. Ukija utalipa kama wageni wengine."

Kumbe hakuwa anatania.

Mwezi wa sita, baridi imetufungia mlango na hita moja inagombaniwa na watu wanne, akaingia Naseeb. Naseeb ni dalali wa Fordsburg. Anauza magari, makontena na viwanja, na usipokaa macho atakuuzia kiti ulichokalia. Siku hiyo alikuwa na picha za nyumba ya pwani, Inhambane, Msumbiji: vyumba vitatu, vigae vyekundu, veranda, imekaa juu ya kilima cha mchanga na bahari yote imetandikwa chini yake. Mwenye nyumba alikuwa akiwapangishia watalii, sasa amezeeka, anarudi Ureno. Bei ilikuwa nusu ya nyumba za jirani.

"Kwa nini nusu?" nikauliza.

"Mzee ana haraka, dada yangu."

"Haraka ya kwenda Ureno au mbinguni?"

Tantine akanipiga bega kwa chanuo. Hakutaka utani juu ya nyumba yake. Ilikuwa nyumba yake tayari. Alishaibandika ile picha kwenye kioo, na kila akimsuka mtu jicho moja liko kichwani pa mtu, jingine liko verandani.

Shida ni kwamba fedha aliyonayo ilikuwa ya kununua mara moja tu. Ni yote aliyoweka yeye na Tonton Léonce, mumewe, tangu watoke Burundi. Akikosea, hakuna Desemba nyingine kumi na saba za kukusanya upya; vidole vyenyewe vimeshaanza kulalamika asubuhi. Na Naseeb alitaka jibu Ijumaa, kwa sababu kulikuwa na mtu wa Pretoria anaitaka nyumba hiyohiyo. Sijawahi kuona dalali asiye na mtu wa Pretoria.

Alhamisi tukapanga kuikagua kwa simu ya video. Tonton Léonce alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya ulinzi. Analinda geti la uwanja wa mbio za farasi. Mkononi alikuwa na daftari lake, kwa sababu mlinzi asiyeandika, anasema, ni mtu aliyesimama tu. Kitini alikuwapo Murielle, mteja wetu kutoka Lubumbashi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona polisi.

Naseeb akakaa katikati yetu, akapiga. Upande wa pili akatokea mtunza nyumba, Vuai, Mpemba aliyeoa huko Inhambane akasahau kabisa nauli ya kurudi.

"Hamjambo, mama zangu?"

"Vuai, waoneshe bahari," Naseeb akaamuru.

Vuai akageuza simu. Bahari ikaingia saluni, ya buluu, ndefu, haina mwisho. Hata mimi nilinyamaza, na wanaonijua waliniuliza baadaye kama nilikuwa mgonjwa.

Tonton Léonce akafungua daftari, akakohoa kikohozi chake cha getini.

"Ndugu, viboko wanapanda saa ngapi?"

"Viboko?"

"Ndiyo. Wakitoka majini kuja kula majani."

"Mzee wangu, hii bahari."

"Mamba?"

"Hapana mamba."

Msimcheke Tonton. Yeye ni mtu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa mtu wa Rumonge nyumba ya ufukweni ina maadui watatu: kiboko, mamba, na maji yenyewe. Ziwa lilipopanda, jiko la kaka yake lilizama na sufuria zake. Basi swali la tatu akaliuliza polepole.

"Na maji yakipanda, yanafika wapi?"

"Hayafiki, mzee. Sisi tuko juu. Tangu nije, maji hayajagusa hata ngazi ya kwanza."

Tonton akaandika, akapiga mstari. "Sharp. Mke wangu, nunua."

Naseeb akatabasamu kama mwanafunzi aliyepewa mtihani wenye maswali aliyoyasoma. Akafungua mkoba, akatoa karatasi.

Tantine akafuta mikono kwenye aproni.

Hapa lazima niseme kitu. Wauza wigi wa mji huu wanamwogopa Tantine. Mtu mwingine akiletewa wigi, analivaa, anajitazama kiooni. Yeye hata halivai. Analigeuza, anasoma mishono ya ndani, analivuta, kisha analimwagia maji mbele ya mwenyewe. "Sura hata mwongo anayo," husema. Nimeona wanaume wazima wakikusanya mizigo yao pale mlangoni kabla hajafungua bomba.

"Kaka Vuai," akasema, "bahari nimeiona, asante. Sasa ingia ndani. Sitaki sebule. Panda juu ya dari, unioneshe chini ya vigae."

"Juu ya dari, mama?"

"Hapohapo. Nataka kuona mishono."

"Mama, huko kuna giza," Naseeb akadakia. "Na popo."

"Simu ina tochi," Tantine akajibu. "Na popo halipi kodi, atasogea."

Vuai akaleta ngazi, akapanda, akawasha tochi. Tukaona mbao: moja nyeupe, moja nyeusi, mbili nyeupe, zimepishana kama meno ya mtu aliyewahi kupigana.

"Hizo mbao zimeshikizwa ukutani kwa kitu gani?"

"Kwa misumari, mama."

"Misumari peke yake? Hakuna mkanda wa chuma, hakuna waya?"

"Misumari. Na hapa pembeni fundi alipaka gundi."

Murielle akashtuka kitini. Saluni nzima inajua gundi inavyoachia ukingo wa wigi ukilowa. "Gundi?" akasema. "Na bahari iko pale? Mon Dieu."

"Vuta," Tantine akasema.

"Nivute nini, mama?"

"Huo ubao mweupe."

Vuai akasita. "Bosi Naseeb, nivute?"

"Usivute!"

"Vuta," akarudia Tantine, kwa sauti ileile, wala hakuipandisha.

Vuai ni mtu aliyelelewa na mama. Akavuta. Ubao ukatoka na msumari wake, kigae kikaufuata, na mahali fulani chini tukasikia *pa!*

"Eish," akasema Tonton Léonce.

"Fundi gani alijenga hivi?" Tantine akauliza.

"Wa haraka tu, mama. Baada ya Freddy kuvunja."

Tonton akainua kalamu. Hapo ndipo penye taaluma yake. "Freddy nani? Jina la pili?"

"Hana jina la pili."

"Alikuwa mpangaji?"

"Hakupanga, mzee. Alikuja tu, akakaa siku moja, akaondoka na paa."

"Na geti lilikuwa wazi? Mlifungua kesi?"

Simu ikaanza kutikisika. Vuai alikuwa anacheka huko juu ya ngazi. "Mzee wangu, Freddy ni kimbunga! Mwaka wa ishirini na tatu. Vimbunga vinapewa majina, kama watoto."

Tonton alikuwa ameshaandika *Freddy, mtuhumiwa*. Akalikata kwa heshima.

"Na kabla ya Freddy?" Tantine akauliza.

"Kabla ya Freddy..." Vuai akahesabu kwa vidole, ngazi ikiyumba. "Tangu niajiriwe, paa limeondoka mara tatu. La kwanza tuliliokota uwanja wa mpira. La pili lilitua jirani na shule, wakalitumia. La Freddy hatujaliona mpaka leo."

"Halo? Halo?" Naseeb akaanza. "Mtandao unakatika jamani, mnasikia?"

"Mtandao mzima," Murielle akamwambia. "Hata mate unayomeza tunayasikia."

Tantine akakaa kwenye stuli. Akaitazama picha pale kiooni, kisha simu, kisha mikono yake.

"Kaka Vuai," akasema mwishowe, "siku ya Freddy wewe ulikuwa wapi?"

"Shuleni, mama, kwenye jengo la zege, na mke wangu, na watoto, na kuku."

"Nyumba yako ikavunjika?"

"Yangu? Haikuvunjika. Nililivua paa."

"Ulilifanya nini?"

Vuai akashuka, akatembea na simu mpaka nyuma ya kilima cha mchanga. Palikuwa na vibanda vya kuta fupi nene na mapaa ya makuti. "Paa langu ni vipande vipande," akaeleza. "Kila kipande nimekifunga kwa kamba. Redio ikisema kimbunga kinakuja, tunafungua mafundo, tunalilaza chini, tunalifukia mchanga, tunaondoka. Upepo ukifika unakuta kuta hazina kofia. Utapigana na nani? Ukishapita, tunarudi, tunafunga. Kazi ya siku moja."

Tantine akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, halafu stuli yenyewe.

"Léonce! Mtu huyu anavua! Kila siku nawaambia wateja, ukienda kuogelea wigi vua, usishindane na wimbi! Na hawanisikii!"

Naseeb aliona mambo yanakwenda upande usio wake. "Mama Gaudiose, nisikilize. Nakupa kwa robo. Robo ya bei! Paa utalitengeneza, lakini ile bahari ya verandani utaipata wapi?"

Hapo alipiga penyewe. Nikaona macho ya Tantine yakirudi kiooni.

"Kaka Vuai, kutoka kwako bahari inaonekana?"

"Haionekani, mama. Mchanga umeiziba. Ndiyo maana na upepo nao hautuoni vizuri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Inasikika tu."

"Nyamaza basi, tuisikie. Kelly, zima hiyo redio."

Nikazima redio, nikazima na draya. Kombi ikapiga honi nje. Tonton akatoka na sare yake akaiamuru inyamaze, na maajabu, ikanyamaza. Vuai akanyoosha simu juu. Ikaja sauti nzito, inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko heshima ya biashara inavyoruhusu. Tantine alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua, alinyanyuka akabandua picha kwenye kioo, akamrudishia Naseeb.

"Kando yako kuna nani?" akamwuliza Vuai.

"Kuna vibanda viwili vya mkwe wangu. Amehamia Maputo, anatafuta mnunuzi. Ardhi huku ni ya serikali, mama, lakini nyumba zilizo juu yake tunauziana."

"Amefunga paa kama wewe?"

"Nilimfungia mimi."

"Mwambie asimwuzie mtu. Nikija, nitakagua mwenyewe."

"Vibanda?" Naseeb karibu alie. "Watalii walale vibandani?"

"Watalala kuanzia Aprili mpaka Desemba. Januari mpaka Machi tumefunga. Na wewe utaniletea hao wageni, haki yako utapata. Ila kila mgeni umwambie habari za Freddy kabla hajalipa."

"Nikiwaambia, nani atakuja?"

"Mimi," akasema Murielle. "Mume wangu ananificha makubwa kuliko hayo na nimekaa naye miaka tisa."

Septemba, viza zilipotoka, tukafunga saluni wiki nzima, jambo ambalo Tantine hakulifanya hata alipofunga ndoa. Tulifika Inhambane mchana, tumekunjika kwa basi. Vuai alikuwa anatungoja, na mkwe wake pembeni, ameshika karatasi za mauzo na kalamu.

"Mama, bahari ni nyuma ya mchanga huu. Hatua mia tu."

"Haijahama," akasema Tantine. "Livueni hilo paa."

"Sasa hivi? Mbona jua linawaka?"

"Wakati wa upepo nitakuwa Turffontein. Nataka kuona leo."

Basi tukavua paa la kwanza, kweupe, majirani wamejaa wanatushangaa. Mimi nilibeba makuti na yakanichoma kila mahali pa kuchomwa. Tonton alishika saa: dakika arobaini na moja, akaandika. Wakati wa kurudisha, Tantine hakuweza kuvumilia. Alimwangalia Vuai akifunga kamba, akatingisha kichwa, akapanda ngazi mwenyewe.

"Fundo lako linalegea kushoto, kaka. Sogea."

Akafunga. Vile vidole vilivyokuwa vinalalamika Turffontein, huku havikusema neno. Vilikimbia juu ya zile kamba kama viko kwenye kichwa cha mtu mwenye haraka ya basi. Vuai akavuta fundo, akaning'inia nalo kwa uzito wote. Halikusogea.

"Ee bwana," akasema mkwe wake. "Huyu mama tumlipe sisi."

Tantine akashuka, akachukua kalamu, akaweka karatasi kwenye mgongo wa Tonton Léonce, akasaini kurasa zote tatu bila kuharakisha. Ndipo akavua viatu, akapanda mchanga peke yake, akapotelea upande wa pili.

Tukangoja. Halafu sauti yake ikaruka juu ya kilima, mpaka kuku wa Vuai wakatawanyika:

"Kelly! Wateja wangu wote ni waongo! Miaka kumi na saba, hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba bahari inavuta miguu!"