Siku ya Kumbandua Jepchumba

Mkwe wangu Wainaina alinieleza habari za marais wa Marekani kwa njahi. Nilikuwa mezani jikoni nikichagua njahi, maharagwe meusi ya kwetu, ambazo binti yangu Waceke alininunulia katika duka la Wahindi, naye akavuta kiti, akatoa punje tatu na kuzipanga mbele yangu.

"Huyu ni Johnson, Mama. Wa zamani sana, mwaka wa 1868. Huyu ni Clinton. Na huyu wa sasa, Trump."

"Huyu wa sasa si alishatoka?"

"Alitoka mwezi uliopita. Lakini bado wanambandua."

"Wanambandua kutoka wapi, na ameshatoka?"

Wainaina alijikuna kichwa. Ni mtu mpole. Nilikuja Sydney kulea mjukuu kwa miezi mitatu, korona ikafunga mipaka, nikakaa kwao, mtaa wa Toongabbie, mwaka mzima. Katika mwaka huo hajawahi kunipandishia sauti, na kila jioni hunimiminia chai kabla ya kujimiminia yake.

"Hii ni mara yake ya pili," alisema, akaongeza punje ya nne kando ya ile ya tatu. "Kwa hiyo kesi ni nne, marais ni watatu. Sasa sikiza. Kuna hatua mbili. Kwanza Bunge linapiga kura kwamba mtu huyu ana kesi ya kujibu. Hapo tayari wanasema amefanyiwa impichimenti. Halafu kesi inaenda Seneti. Ili aondoke, theluthi mbili ya maseneta lazima waseme amekosa."

"Na hawa watatu waliondoka?"

"Hapana. Johnson aliponea kwa kura moja tu. Alikuwa amemfuta kazi waziri, na Bunge lilikuwa limetunga sheria ya kumkataza. Clinton alidanganya chini ya kiapo kwa ajili ya mambo ya mwanamke, naye akaponea. Trump mara ya kwanza alishtakiwa kwa kuishinikiza nchi nyingine imchunguze mpinzani wake. Aliponea. Sasa ni ile ghasia ya Januari."

"Na Nixon? Huyo nilimsikia redioni nikiwa nimeolewa juzijuzi."

"Nixon alijiuzulu kabla Bunge halijapiga kura. Hahesabiwi."

Nilizitazama zile njahi. "Yaani aliyeondoka ndiye hahesabiwi, na wanaohesabiwa hawakuondoka?"

"Ee, Mama. Ni hivyo."

"Basi kitu hiki hakijawahi kumwondoa rais wao hata mmoja. Mbona mnakitumia kwa Jepchumba?"

Waceke, aliyekuwa akifunga kamba za viatu aende zamu hospitalini, alicheka hadi akakaa sakafuni. Wainaina hakucheka. Alikuwa katibu wa kikundi chetu, na utaratibu huo aliuleta yeye.

Kikundi chetu kinaitwa Tushikane. Ni familia za Kenya za upande huu wa Sydney, pamoja na Mkongo mmoja, Katembo, ambaye mkewe huimba nasi kanisani. Jepchumba ndiye mwenyekiti. Ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayetembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Aliyemshtaki ni Mbuvi wa mtaa wa St Marys. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili, mama yake Mbuvi alikufa Kitui. Hakuna ndege iliyokuwa ikienda. Kwetu mtu akifiwa, watu hujaa nyumbani kwake kila jioni hadi siku ya mazishi, wanaimba, wanakunywa chai, hawamwachi peke yake. Jepchumba alituma ujumbe kwamba asiende mtu. Serikali ilikuwa imekataza kutembeleana. Mbuvi alitazama mazishi ya mama yake kwenye simu, katika nyumba isiyo na mtu mwingine.

Mwezi wa Januari, tulipokutana kwenye Zoom, Mbuvi aliomba mwenyekiti abanduliwe. Wainaina akauliza, nani anaunga mkono Jepchumba aitwe mbele ya wazee? Mimi nilinyoosha mkono haraka. Kwetu ukiitwa mbele ya wazee ni ili upatanishwe, muondoke mmekula pamoja. Sikujua kwamba kwa kunyoosha mkono nimemshtaki. Nilijua jioni, Waceke aliponiuliza, "Mami, Jepchumba amekukosea nini?"

Na kisha wakanichagua niwe mmoja wa wazee saba wa kusikiliza kesi. Wainaina alikiri kwamba Marekani jambo hilo haliwezekani, mtu mmoja kushtaki na kuhukumu. Lakini sisi wazee tulikuwa wachache.

Lililonikosesha amani ni jambo lingine, nalo tulilijua watu wanne tu. Wiki ileile ya msiba wa Mbuvi, dada yangu Wairimu alikufa Kinangop. Jioni yake nilisikia mtu akiimba nje. Nilifungua pazia. Jepchumba alikuwa amesimama karibu na mapipa ya taka, bado na sare ya kazi, barakoa usoni, anaimba wimbo wa Kikuyu ambao maneno yake hayajui vizuri. Aliimba hadi mwisho, akaweka mkono wake kifuani, akaenda. Kesho yake akarudi. Nadhani bila yule mtu wa mapipani mimi ningelala na viatu kwa huzuni mwezi mzima.

"Usiliseme hilo mkutanoni, Mama," Wainaina aliniambia, akizirudisha njahi kwenye ungo. "Ukilisema, Jepchumba amekwisha."

Nilimtazama. "Na nisipolisema?"

Aliinuka akanimiminia chai.

Mkutano ulikuwa Jumapili, bustanini karibu na kituo cha treni, kwa sababu nje kuliruhusiwa watu wengi zaidi. Asubuhi hiyo Seneti ya Marekani ilikuwa imepiga kura. Wainaina aliniamsha na simu mkononi.

"Hamsini na saba wamesema amekosa, arubaini na watatu wamesema hakukosa!"

"Basi ameshindwa."

"Ameshinda, Mama. Walihitaji sitini na saba."

Nilikaa kitandani nikitafuta miwani. Wengi wamesema amekosa na ndiye aliyeshinda. Wainaina akaendelea kwamba wapo waliosema wazi alikosa, kisha wakapiga kura ya kumwachilia. Nikamwomba aninyamazie kidogo.

Bustanini kasuku weupe walikuwa wakigombana juu ya miti kama watu wa soko. Kila familia ilikuja na viti vyake na chakula chake, maana kupeana sahani kulikuwa kunaogopwa. Melbourne walikuwa wamefungiwa tena usiku wa Ijumaa, kwa hiyo kila mtu alikuwa na wasiwasi, akitazama simu. Mtu mmoja alinikunjulia kiti kivulini kabla sijafika. Nilipogeuka nimshukuru, nikaona ni Mbuvi.

"Keti hapa, Shosho. Hapo kwingine jua litakufuata," alisema, akiniita bibi kama wengine wote.

Ndivyo ilivyokuwa. Mshtaki mwenyewe.

Alipopewa nafasi, Mbuvi hakupiga kelele. Alisimama na kofia mkononi.

"Mimi sisemi alipaswa kuvunja sheria," alisema. "Sheria niliijua. Nasema alinipigia simu, na badala ya kunipa pole, alinisomea sheria. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akakata. Hata dirishani hakuja mtu. Hata mmoja."

Jepchumba alikuwa ameketi wima. "Sheria ilikuwa moja kwa wote," alisema, na aliposema hivyo macho yake yalinijia, yakashuka chini.

Wainaina, na karatasi zake magotini, alikuwa akinitikisia kichwa polepole. Nikafikiri, yule mtu wa mapipani ni wangu, nikimtoa hapa watamrarua. Kisha nikatazama kofia ya Mbuvi, alivyokuwa akiizungusha.

"Kwangu alikuja," nikasema.

Watu waligeuka.

"Dada yangu alipokufa. Alisimama nje, karibu na mapipa, akaniimbia. Siku mbili."

Mbuvi aliacha kuizungusha kofia. "Kumbe," alisema. Neno hilo moja tu. Nilitamani lingekuwa tusi.

"Nilikuja kwako kwa miguu, Shosho," Jepchumba alisema. Sauti yake haikuwa ile ya mwenyekiti. "Ni barabara mbili tu. Kwenda St Marys ningechukua gari, na polisi walikuwa wanauliza watu wanakwenda wapi. Ningewaambia nini? Ninakwenda kuimba? Na kazini siku hizo tulikuwa tunawapima wazee kila asubuhi, tunasubiri. Niliogopa. Nikampigia simu Mbuvi, nikasikia analia, nikashindwa na la kusema. Karatasi ya sheria ilikuwa mbele yangu. Nikaisoma."

Kasuku walikuwa wamehamia mti mwingine.

Wainaina alikohoa. "Tumesikia pande zote. Wazee wapige kura. Wako saba, theluthi mbili ni watano. Wakisema watano amekosa, anaondoka."

"Ngoja kwanza," alisema Katembo, mmoja wa wale wazee saba. "Huko kwetu, ndugu, prezida haondolewake na kura. Mimi sina mazoezi."

Watu walicheka, hata Mbuvi kidogo, na Katembo akasema hakukosa. Mwingine akasema amekosa. Akafuata mwingine, amekosa. Mzee mmoja alifikiri sana akasema mtu aliyeogopa si mtu aliyekosa. Wawili waliobaki wakasema amekosa. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya umri.

"Wanne kwa wawili," Wainaina alisema. Alikuwa amekunja uso. "Mama, imebaki kura yako."

Nikaelewa ghafla ilivyokuwa kwa yule seneta wa zamani aliyemwachilia Johnson kwa kura yake moja. Au sikuelewa, maana yeye alikuwa na neno moja la kusema na mimi nilikuwa na mawili.

"Alikosa," nikasema.

Jepchumba alifumba macho.

"Na sitaki aondoke."

"Mama," Wainaina alisema kwa upole, "lazima useme moja."

"Wale wa asubuhi wamesema mawili."

"Wamesema mawili lakini wamepiga moja!"

"Basi mimi nimepiga mawili."

Kelele zikaanza. Mtu akasema kura imeharibika. Mwingine akasema hapana, amesema amekosa, ni watano, imeisha. Katembo akasema kura ikiharibika wazee wanakuwa sita, na theluthi mbili ya sita ni wanne, kwa hiyo ameondoka. Mwingine akamjibu kwamba saba ni saba hata mmoja akiwa amelala. Wainaina alikuwa akipekua karatasi zake kana kwamba Johnson mwenyewe angetokea humo. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko wote. Nilijaribu kufikiria tena zile njahi mezani, nani aliponea na kwa nini, na zote zilifanana.

Ndipo nilipoona kiti cha Mbuvi hakina mtu. Alikuwa anatembea kuelekea kwenye magari, kofia kichwani.

Niliinuka. Miguu yangu si ya kumfukuza mtu. Lakini Jepchumba alikuwa ameniona ninakotazama, naye akanipita, na ile haraka yake ya sufuria motoni, hadi akafika kwenye gari la Mbuvi. Alisimama hatua kadhaa mbali naye, kama walivyotufundisha wote mwaka ule.

Nilipowafikia nilikuwa nahema.

"Unataka nini sasa?" Mbuvi alikuwa akimwuliza. "Wamehesabu?"

"Sijui. Bado wanapigana." Jepchumba alivuta pumzi. "Mama yako aliitwa nani?"

Mbuvi alishika mlango wa gari. Nilidhani ataingia.

"Mwaka mzima," Jepchumba alisema, "sijakuuliza jina lake."

"Syombua," alisema Mbuvi. Akalirudia. "Syombua. Alikuwa anasuka vyondo vya mkonge. Alisema nikirudi atanipa kimoja nimletee mwenyekiti wetu, kwa sababu nilimwambia tuna mwenyekiti anayetutafutia watu kazi." Akajifuta uso na kofia. "Ni wewe."

Jepchumba alianza kuimba, kwa Kikamba cha kubahatisha, akikosea kama alivyokosea Kikuyu changu. Mbuvi alimsahihisha neno. Akamsahihisha la pili. Kufika ubeti wa tatu alikuwa anaimba naye, na mimi nilishika ubavu wa gari na kuimba sauti ya chini, maneno nisiyoyajua. Watu walianza kuja kutoka bustanini, mmoja mmoja, na viti vyao, wakaviweka mbalimbali kati ya magari. Mke wa Katembo alinishikia mkono nikae.

Nilikuwa nimebeba njahi katika bakuli, na vijiko vingi, ingawa niliambiwa kila mtu ale chake. Nilimtazama Waceke, ambaye naye ni muuguzi. Alitazama bakuli, akatoa chupa ya dawa ya mikono mkobani, akampa Mbuvi, kisha Jepchumba. Nikawapakulia kila mmoja kwenye kifuniko cha chombo chake.

Wainaina alifika mwisho, karatasi mkononi, jasho usoni.

"Mama," alininong'oneza, "bado nahitaji kuandika. Nikuandike wapi? Amekosa, au hakukosa?"

Mbuvi alikuwa akitafuna. Jepchumba alikuwa akimwuliza Kitui ni upande gani hasa, karibu na mto au mbali.

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. "Shika kijiko."