Kisanduku Kizito

Hakuwa na meza ya kusomea. Meza aliyokuwa nayo ilikaliwa na cherehani, na cherehani ile haikupenda kuhamishwa. Hakuwa na cheti cha hesabu, maana mwaka wa mtihani aliumaliza akimuuguza mama yake. Hakuwa na mume wa kumshauri, na kila alipowatazama waume wa wenzake hakuona hasara kubwa. Hakuwa na ujana: alikuwa na miaka thelathini na sita, na darasa alilolitaka lilijaa watu ambao juzi tu alikuwa akiwashonea sare za shule. Na juu ya yote hayo, hakuwa na kompyuta.

Watu walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya ulimi wake pia.

Kukosa kompyuta ndiko kulikomfungia mlango. Mwaka uliotangulia aliomba nafasi katika chuo cha jioni kinachofundisha kuandika programu, akajibiwa mstari mmoja: mwombaji hana mashine ya kusomea. Chuo kilikuwa kimechoshwa na wanafunzi ambao kompyuta zao zilikufa katikati ya mwaka na masomo yao yakafa nazo. Kwa hiyo kiliweka sharti. Mwombaji aandike barua kwa mkono wake, aeleze kila kipande cha kompyuta yake na sababu ya kukichagua, kisha aonyeshe kwamba mashine hiyo itamfikisha mwisho wa miaka mitatu. Mwalimu mkuu alizisoma barua hizo mwenyewe. Nafasi za watu wenye kazi za mchana zilikuwa kumi tu, na barua iliyogongwa muhuri wa posta baada ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi haikufunguliwa.

Safari hii Sindano alikuwa na akiba yake ya mwaka mzima, na siku tisa.

Alikwenda kwa mjomba wake. Mzee huyo alikuwa fundi wa redio aliyestaafu, ingawa neno kustaafu hakulipenda. Alisema redio ndizo zilizostaafu, yeye bado yupo. Kusoma alijifunza akiwa na miaka ishirini na minane, katika shule ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kupakia magunia. Kutoka kwenye herufi akapanda hadi kwenye hesabu, na kutoka kwenye hesabu hadi kwenye umeme. Hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa hajaisikia habari hiyo, na wengi walikuwa wameisikia zaidi ya mara moja.

"Mjomba, nataka unisindikize kununua vipande vya kompyuta."

"Wewe ndiye utakayenisindikiza," alisema, akitafuta viatu. "Mimi nimefungua vyombo vya umeme wewe hujazaliwa."

Duka lilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja nao. Ndani mlikuwa na kaunta ya kioo, na nyuma yake muuzaji mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Sindano alilitazama shati kwanza, akaridhika na kola, ndipo akasalimia.

"Dada, hii ndiyo ya kisasa," muuzaji alisema, akiweka juu ya kioo kadi kubwa yenye feni tatu. "Kadi ya picha. Ukiwa na hii, michezo yote inakimbia kama maji."

"Nami nitakuwa nakimbizana na nani?"

"Na mazimwi, dada. Wapo wa kila aina."

"Mazimwi ninao wa kutosha, wanakuja kila Januari kudai sare. Mimi nitaandika maneno na kuyaendesha. Irudishe."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Muuzaji naye alicheka, akairudisha kadi bila kinyongo.

Sindano alikuwa amekuja na daftari. Kwa miezi mingi alikodi kompyuta saa moja moja kwenye duka la intaneti, akajifunza hatua za mwanzo za programu. Na kila saa ilipobaki dakika kumi, alisoma habari za vipande. Lakini kuchagua alichagua kwa akili ya cherehani. Fundi anayemshonea mtoto sare haishoni kwa mwili wa leo. Anaacha upindo mpana chini na kitambaa cha ziada kwenye mishono, ili mtoto akirefuka sare ifumuliwe kidogo na kushushwa, badala ya kununuliwa nyingine. Kwa hiyo alipofika kwenye ubao mkubwa ambao vipande vyote huchomekwa, mazabodi, hakuuliza upi una kasi. Aliuliza upi una nafasi.

"Huu una matundu mawili ya RAM, zile kadi za kumbukumbu. Huu una manne," muuzaji alisema.

"Nipe wa manne. Nitajaza mawili tu."

"Mawili mengine?"

"Upindo."

Prosesa, ule ubongo wa mashine, alichukua ya daraja la kati, ya toleo la mwaka uliopita, baada ya kuhakikisha kwamba ubao uleule ungepokea iliyo kubwa zaidi baadaye. Diski alichukua ya aina isiyozunguka, kwa sababu isiyo na kitu cha kuzunguka haina cha kukwama. Kasha alichukua lenye kioo na taa za rangi; muuzaji alisema ndilo pekee lililobaki, naye hakuona sababu ya kugombana na taa.

Walipofika kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vipande vingine, mjomba alijisogeza mbele kama mtu aliyeitwa jina.

"Hapa niachie mimi."

Vilikuwapo viwili. Kimoja kilikuwa cheusi, kidogo, chepesi. Kingine kilikuwa na maandishi ya dhahabu ubavuni, na bei yake ilikuwa chini kidogo. Mjomba alikibeba kimoja mkono huu na kingine mkono ule, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyochagua mitambo ya umeme maisha yake yote. Katika redio za zamani, transfoma yenye shaba ya kutosha ilikuwa nzito. Aliyeiba shaba alikupa nyepesi, ikaungua kabla ya mwaka. Mkono wake haukuwahi kumdanganya.

"Hiki," alisema, akiinua chenye dhahabu. "Hicho kingine ni debe tupu."

"Dhamana ni muda gani?" Sindano alimwuliza muuzaji.

"Chepesi, miaka mitano. Kizito, mwezi mmoja."

Sindano alimgeukia mjomba wake. "Mjomba, nguo haiachani kwa kitambaa, inaachana kwa uzi. Hiki ndicho uzi wa mashine nzima. Mbona aliyekitengeneza anakiamini mwezi mmoja tu?"

"Mwanangu, karatasi huandikwa chochote. Uzito hauandikwi."

Muuzaji alianza kupanga nyaya ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Sindano alimtazama mzee, mikono yake imebeba visanduku viwili kama mizani, na uso wake umeng'aa kwa mara ya kwanza tangu duka lake la redio lifungwe.

"Sawa, Mjomba. Hicho kizito."

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, vipande vilikuwa vimepangwa juu ya shuka safi sebuleni kwa mzee. Kabla ya kuanza kuviunganisha alitaka kumwonyesha mpwa wake jambo moja. Alitwaa bisibisi.

"Njoo uone shaba. Siku hizi watu wananunua vitu wasivyojua matumbo yake."

Alizichana stika, akalegeza skurubu nne, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na kibao chembamba chenye vipande vichache vilivyoachana. Pembeni, kimegandishwa kwa gundi, palikuwa na kipande cha saruji ukubwa wa mche wa sabuni. Hakikuunganishwa na waya wowote.

Mzee alikigusa kwa ncha ya bisibisi, vumbi la kijivu likadondoka juu ya shuka.

"Uzuri wa mkakasi," alisema. Methali hakuimaliza.

Sindano alikuwa na maneno saba tayari mdomoni, na kila moja lilikuwa na ncha. Aliyameza yote. Alikwenda jikoni akarudi na maji, akampa.

"Aliyeweka saruji hii," mzee alisema baada ya kunywa, "alijua kwamba yuko mtu kama mimi."

Walirudi dukani. Muuzaji alikitazama kisanduku kwa mshangao ambao Sindano aliuamini; hata yeye alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini stika zilikuwa zimechanika na hakuweza kukirudisha alikokitoa. Alichoweza ni kupokea kitu kingine ambacho hakijafunguliwa.

"Kasha," Sindano alisema. "Halijatoka kwenye boksi lake. Lichukue na taa zake, nipe kile cheusi."

"Na mashine utaivisha nini, dada?"

"Siku hizi mimi ndiye unayeniuliza habari za kuvisha?"

Walipofika nyumbani, mzee alipitiliza hadi stoo, na kelele za kuhamisha vitu zilisikika kwa muda. Alitoka amekumbatia kasha la chuma la amplifaya kubwa, ya wakati ule ambao maspika ya ukumbi yalikuwa makubwa kama makabati. Ndani lilikuwa tupu. Ubavuni na juu lilikuwa na matundu ya kupitisha hewa, mistari kwa mistari.

"Pima," alisema.

Sindano alivuta tepu iliyokuwa shingoni mwake. Upana sentimita arobaini na nne, kina thelathini na sita, kimo kumi na sita. Mazabodi ilikuwa na ishirini na nne na nusu kila upande, na pawasaplai ingehitaji kumi na tano pembeni yake.

"Inaingia," alisema. "Na inabaki nafasi ya kupumua."

"Upindo," mzee alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Siku mbili walitoboa, wakapiga tupa, wakafunga. Siku ya tatu mashine iliwaka bila taa hata moja ya rangi. Sindano aliiacha ikifanya kazi tangu alfajiri hadi jioni huku akishona, na kila alipoinuka kunyoosha mgongo alikishika kisanduku cheusi kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Hakikuwa hata na joto la kikombe cha chai.

Alhamisi alileta rasimu ya barua. Mzee alivaa miwani, akasoma akifuata mistari kwa kidole. Alitikisa kichwa kwa kuridhika penye mazabodi. Penye diski alitabasamu. Penye pawasaplai kidole kilisimama.

"'Nilichagua kisanduku hiki kwa sababu ya dhamana yake ya miaka mitano,'" alisoma. "Hukukichagua hiki."

"Ndicho kilichomo, Mjomba."

"Kilichomo ndicho. Ulichagua kizito. Nilikuchagulia mimi. Mbona hayamo?"

"Watu wa chuo yanawahusu nini ya nyumbani kwetu? Nimekusitiri tu."

Mzee alivua miwani. "Anayesitiriwa ni maiti, mama. Mimi bado natembea."



"Shule ya jioni," mzee alianza, na Sindano alijiandaa kusikia habari za magunia. Lakini haikuwa ile. "Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja. Ukikosea hesabu, usifute. Piga mstari mmoja juu yake, kisha andika iliyo sahihi chini, ili nione ulipopotea. Mimi nilikuwa nafuta. Mtu mzima, nina watoto, nitaachaje makosa yaonekane? Nilifuta hadi daftari likatoboka. Nikashindwa mtihani wa kwanza, maana hakuna aliyejua napotelea wapi, hata mimi mwenyewe." Alirudisha karatasi mezani. "Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilishindwa ule mtihani. Leo umejua wewe."

"Wakisoma kwamba tulikosea, Mjomba, je, wakininyima nafasi?"

"Wanaweza. Nafasi ni yako, barua ni yako. Mimi nakupa ruhusa tu. Usiniandike kwa sababu yangu, na usinifute kwa sababu yangu."

Sindano alikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Alifikiria wale wengine, watu wa miaka ishirini, na barua zao safi zisizo na kosa. Alifikiria pia jambo alilolijua vizuri kuliko wote: kwamba fundi humwamini fundi mwenzake anapoona mahali alipofumua na kushona upya. Alichukua karatasi nyingine, akaandika barua yote upya kwa mwandiko wa polepole, na alipofika kwenye pawasaplai aliandika hivi:

"Kipande hiki tulikosea mara ya kwanza. Mjomba wangu, fundi wa redio, alikichagua kwa uzito, kama alivyofanya kazi kwa miaka arobaini. Mimi niliiona dhamana ya mwezi mmoja, nikanyamaza kwa heshima. Tulipokifungua tulikuta saruji. Kisanduku kilichomo sasa ni chepesi. Kasha ni la amplifaya yake. Nimejifunza kuuliza mara ya pili hata ninapomheshimu ninayemwuliza, na ninaomba nafasi ya kujifunza mengine."

Ijumaa asubuhi walisimama pamoja kwenye kaunta ya posta. Sindano aliikunja barua mara tatu, akaitia ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, haikushika.

"Usije ukaishona," mzee alisema.

"Uzi ninao, usinichokoze."

Karani aliwasogezea kichupa cha gundi. Sindano alipaka ukingo, akaukunja, na mzee akaukandamiza kwa kidole gumba kuanzia pembe moja hadi nyingine, taratibu, kama alivyokuwa akikandamiza waya kabla risasi ya kulehemu haijapoa. Karani aliipokea, akaipima kwenye mizani, akabandika stempu, akagonga muhuri wa tarehe.

"Nyepesi," alisema karani, na kuitupa ndani ya mfuko pamoja na nyingine.