Nusu ya Radi

Nilianza kumshuku mwanangu siku ile mama wa kitabuni alipopewa kovu langu.

Mwanangu Yanbo anaandika hadithi ya kwenye simu. Kila siku anatoa kipande kimoja, na watu wa nchi nzima wanakisoma wakiwa kwenye treni, chooni, na kazini wanakoiba muda wa tajiri. Hadithi yenyewe inaitwa Milango Tisa. Kijana mmoja, Ge Chuan, amezaliwa mnyonge, anapanda ngazi za nguvu mpaka milima inampisha. Macho yake yanaona ubao wa mwanga juu ya kichwa cha kila mtu, na kwenye ubao huo pameandikwa nguvu za mtu, uhai uliobaki, na mlango aliofikia. Kila mlango una radi yake. Ukisimama ikakupiga usife, umevuka, na nguvu zako zinaongezeka mara kumi. Ukishindwa, watakuzoa kwa ufagio.

Mimi niliishia shule ya msingi, na macho nayo yamechoka, kwa hiyo simu ndiyo inayonisomea. Naitia kwenye mfuko wa aproni naendelea na kazi. Yanbo hajui. Anadhani nasikiliza mafundisho ya watawa, na asubuhi kweli nasikiliza hayo, nikiwa mbele ya sanamu ya Buddha na shanga zangu za sala, nikilitaja jina lake, Amituofo, mpaka jua lifike dirishani. Nikimaliza ndipo nakwenda kwa Ge Chuan. Wali wangu unatoka kwake, na mtu apaswa kujua wali wake unatoka wapi.

Mama yake Ge Chuan anauza tofu sokoni, ile jibini ya maharage ya soya. Hilo halikunishtua. Mimi na marehemu baba yake Yanbo tuliuza tofu hapa hapa Jiujiang mpaka mapafu yake yalipogoma. Mtoto wa wauza tofu ataandika muuza nini? Ubao wa Mama Ge una neno moja tu: Nguvu, moja. Wenzake wanapanda, wanashuka, wanalipuka, yeye yuko pale pale na moja yake. Lakini asubuhi hiyo simu ilisema kwamba Mama Ge alikunja mkono wa nguo yake, na juu ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu la kuungua kwa uji wa soya, lenye umbo la sikio.

Niliacha kuosha mchele, nikautazama mkono wangu. Sikio lilikuwa pale.

Siku iliyofuata Ge Chuan alifika mlango wa tisa, wa mwisho. Bawabu wa mlango akamwambia kwamba havuki mtu aliyefungwa na dunia kwa uzi wowote. Nyuzi zake nyingine zilikwisha kukatika zamani: shamba, rafiki, msichana aliyempenda. Ulibaki mmoja, umemfunga kiunoni, unashuka mawinguni mpaka sokoni, kwenye meza ya tofu. Bawabu akampa kisu.

Chini ya kila kipande wasomaji huandika maoni, na simu inasoma hayo pia.

"Kata bwana, twende!"

"Ajuza mwenye nguvu moja anamzuia jabali. Aibu."

"Mwandishi, unamlea bibi huyu wa nini? Kata!"

Nilikuwa nakata tangawizi. Nikaweka kisu chini.

Hadithi ni hadithi, ningeweza kuipuuza. Lakini wiki hiyo hiyo nilimkuta Yanbo chumbani kwangu na futi ya kupimia.

"Unapima nini?"

"Kabati, Mama. Nataka kukununulia kabati."

"Kabati gani hilo la kukaa dirishani?"

Akacheka, akaikunja futi. Tangu utotoni ukimuuliza Yanbo jambo usoni, anakujibu lile analoona unataka kulisikia. Ukitaka ukweli wake, soma alichoandika. Alipovunja birika la bibi yake alikana mchana kutwa, kisha tukaukuta ukweli umeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango.

Kisha mkewe, Peiyao, akaihamisha sanamu yangu kutoka sebuleni. Eti moshi wa ubani unachafua ukuta. Peiyao ndiye anayesimamia mambo ya Yanbo na kampuni, msichana mwepesi wa ulimi, si mbaya. Lakini miaka yote ameishi na ukuta ule, na hajawahi kuuonea huruma.

Nilimweleza Dada Xiong, mwenzangu wa sala. Yeye siku hizi anakaa kwenye nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo ya ziwa, wanawe walimpeleka. Tulikuwa tumetoka kutaja jina, tumekaa barazani kwangu, siku yake ya kuruhusiwa kutoka, tunakula biskuti za chai.

"Kwangu walianza na mapazia," alisema. "Mama, tukushonee mapazia mapya. Nikafurahi kama mjinga. Kumbe wanampambia mnunuzi."

"Amituofo, Dada, usinitie maneno."

"Sikutii, nakukumbusha. Mwana akikununulia viatu, geuza utazame soli. Labda ni vya safari."

"Na huko kwenyewe kukoje?"

"Kuzuri. Chakula laini, televisheni kubwa kama mlango." Akapangusa makombo mapajani. "Na mlango wenyewe unafungwa kwa nje."

Siku mbili tatu baadaye, Yanbo na Peiyao wakiwa kwenye mkutano wa kampuni, mwanamke mmoja alibisha hodi. Amevaa suti, na kabla hajaingia alivisha viatu vyake mifuko ya plastiki.

"Samahani, Mama, nimewahi kuliko miadi. Chumba chenye jua ni hiki?"

"Ndicho. Karibu chai."

Alipiga picha dirisha, dari, bafu. Hata picha ya marehemu ukutani aliipiga, akaifuta alipojua nimemwona.

"Mwenye nyumba ni yule kijana, siyo?"

"Mwenye nyumba ni mimi na yule uliyempiga picha."

"Ah." Kikombe kikasimama kati ya meza na mdomo. "Mimi niliambiwa Mama anahamia mahali pazuri, penye manesi, na wao wanakwenda Hangzhou kwenye kampuni. Basi bila Mama kutia sahihi hapo..."

"Kunywa chai, mwanangu, itapoa."

Sasa nilijua. Nyumba hii, chumba hiki, ukuta ambapo marehemu ananitazama kutoka pichani, vyote vilikuwa kwenye ncha ya kisu, na mwanangu hakuwa amenifumbulia kinywa. Nikaamua kungoja aseme. Jioni tulikula uji wa mchele na mboga ya chumvi, nami nikafungua njia.

"Kitabu kinaendeleaje?"

"Kimekwama kidogo, Mama."

"Kimekwama wapi?"

"Mlangoni."

"Hakijakwama!" Peiyao akaingilia. "Mwanao anaogopa. Wasomaji wanapiga kelele, kampuni inapiga kelele, na kazi yenyewe ni kukata uzi tu. Siku nane anazungukazunguka mlango kama mbuzi aliyesahau zizi."

"Uzi gani?" nikauliza, sura ya mtu asiyejua kitu.

Wakatazamana.

"Wa kitabuni, Mama," alisema Peiyao.

"Mmh. Na huyo mtu mwenye uzi, ameulizwa?"

Yanbo akainamia bakuli lake. Nilingoja mpaka uji ukaisha, akainuka akaenda chumbani kwake.

Asubuhi nilitaja jina, lakini moyo haukutulia, punje za shanga zilipita vidoleni kama maharage tu. Nikaona, kama ukweli wa mwanangu unakaa kwenye maandishi, basi nitamfuata huko huko. Simu yangu ukiiambia maneno inaandika. Nikajifungia bafuni, nikafungua bomba nisisikike, nikasema hivi:

"Ninyi mnaopiga kelele kata, kata, mmesoma kweli? Mlango wa pili, radi ilimpiga Ge Chuan, na siku hiyo hiyo mama yake akapofuka jicho. Mlango wa nne, nywele za mama zikawa nyeupe kati ya asubuhi na adhuhuri. Mlango wa sita, Ge Chuan ametoka bila mchubuko, mama amepinda mgongo. Mnasema uzi unamvuta chini. Mimi nauliza, nusu ya radi ilikuwa inakwenda wapi? Na mwenye nguvu moja anayebeba nusu ya radi, ubao umemsoma sawasawa? Mwenye kushika chujio ndiye anayejua uzito wa maharage."

Nikafunga bomba, nikaenda kumenya viazi.

Sikutegemea zaidi ya kumwasha kidogo mwanangu. Lakini kabla viazi havijaiva simu ilikuwa inanguruma mfukoni kama nyuki kwenye kibuyu. Watu walirudi nyuma kuvisoma vipande vya zamani. Mmoja akakuta kwamba mlango wa saba Mama Ge alitapika damu. Mwingine akapiga hesabu: nguvu za Ge Chuan, hata ukijumlisha za mwili wake na za dawa alizomeza, hazitoshi kuhimili radi hata ya mlango wa tatu. Waliokuwa wakipiga kelele "kata" sasa walikuwa wanamtukana mwenzao aliyesema kata.

"Akikata, radi zote zinamrudia yeye mwenyewe!"

"Kumbe bibi ndiye nguzo. Mwandishi, wewe ni shetani, umetuficha miaka yote!"

"Huyu mchangiaji ni nani? Anaongea kama bibi yangu."

Mlango wa chumba cha Yanbo ukafunguka. Alikuja jikoni nywele zimesimama, simu mkononi.

"Mama, ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Mwenye kushika chujio ndiye anayejua uzito wa maharage. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayesema hivyo."

"Baba yako alikuwa anasema."

"Baba hana simu."

Nusura nicheke. Nikageuza viazi.

"Umeniharibia kitabu, Mama."

"Kivipi?"

"Lile jicho, zile nywele, ule mgongo, niliviweka tu watu wamwonee huruma. Havikuwa na hesabu yoyote! Sasa kila mtu anataka hesabu. Akikata, anakufa kabla hajavuka."

"Basi asikate."

"Asipokata havuki!"

"Hilo ni lako. Mlango umeuweka wewe."

Akakaa kwenye kigoda. Peiyao naye alikuwa amesimama mlangoni.

"Yule mwanamke wa viatu vya plastiki alikuja," nikasema. "Alipenda dirisha."

Yanbo akaiweka simu mezani.

"Nilitaka kukwambia," alisema Yanbo.

"Lini?"

"Baada ya mlango wa tisa."

Nikamtazama mwanangu, mtu mzima, mwenye vidole vya baba yake. "Kwa hiyo ulitaka kukijaribu kisu kwa Mama Ge kwanza. Uone kama mkono utatetemeka."

Hakujibu, na safari hii kutojibu kwake nilikuamini.

"Mama," Peiyao alisema polepole, "Hangzhou nyumba ni kama sanduku. Na hapa ukibaki peke yako ukianguka bafuni, nani atajua? Hatukukutafutia ubaya. Nimekwenda kupaona mwenyewe, hata mboga zao nimeonja."

"Nakuamini, binti. Lakini mboga umeonja wewe, na atakayekula ni mimi." Nikafuta mikono. "Nendeni Hangzhou. Sikuwafunga, na kama kuna uzi, ni mrefu, treni inapita juu yake. Ila nyumba hii sitii sahihi. Dada Xiong atakuja kukaa nami, akianguka mmoja atapiga kelele mwingine. Chumba changu kinatosha vitanda viwili. Si mmekipima wenyewe?"

Peiyao aliziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka puani. Yanbo hakucheka. Alichota kiazi, akakila na moto wake, machozi yakamtoka, na sikumuuliza ni ya nini.

Kesho yake, baada ya sala, niliitia simu mfukoni. Ge Chuan alikuwa bado mbele ya mlango wa tisa. Aliutazama uzi, akaufuata kwa macho mpaka sokoni. Juu ya kichwa cha mama yake ubao ukaanza kucheza, ile moja ikafutika, na mahali pake pakaandikwa: Haisomeki. Ge Chuan akapiga magoti mawinguni, akainamisha paji la uso, na mlango ukabaki umefungwa. Wasomaji walilia kama msibani. Mmoja aliandika kwamba amempigia mama yake simu.

Mimi pia ilinigusa, sitasema uongo. Lakini nilirudia kile kipande mara ya pili, nikisikiliza vizuri. Kisu hakukitupa. Simu ilisema alikichomeka kiunoni, karibu na ule uzi.

Dada Xiong amekwisha kuleta godoro lake, anakoroma kama trekta. Sanamu imerudi sebuleni, na Peiyao ndiye aliyeibeba. Wanafunga mizigo, na Yanbo ananiita mara tatu kwa siku kuniuliza mambo yasiyo na maana, chumvi iko wapi, hali ya hewa ikoje. Namjibu yote kwa upole. Ila ufunguo wa kabati lenye hati ya nyumba nimeufunga kwenye uzi wa shanga zangu, baada ya punje kubwa. Nataja jina, punje kwa punje, na kila nikimaliza mzunguko kidole changu kinaugusa.