Kumwita Graciella

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu Graciella aanguke kutoka kwenye miamba ya mto Meuse, na baba yake, Kyungu, alikuwa bado hajaenda kumwita. Kwanza alisema mgongo unamuuma. Halafu ikawa mvua. Halafu ikawa zamu za kazi huko Schuman, alikosafisha maofisi ya wakubwa wa Ulaya, kana kwamba mazulia yao yangeoza yakikosa fagio siku moja. Ndugu waliokuwa wakija matangani, katika nyumba yao ya Berchem, Brussels, walidhani ni uchungu wa mzazi tu, wakamhurumia. Uchungu ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa. Lakini kilichomfunga miguu Kyungu kilikuwa woga.

Katika ukoo wa mkewe, Alphonsine, mtu akifa kwa ajali mbali na nyumbani, kuuzika mwili hakutoshi. Baba mzazi lazima afike pale mtoto aliposimama mara ya mwisho, amwite kwa jina, amwambie twende. Asipoitwa, anabaki palepale. Mjomba hawezi kumwita, wala mama. Mchungaji wao alikuwa amewaonya kwamba hayo ni mambo ya kale. Alphonsine alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia mumewe kwamba Jumapili watu wanakuja kumaliza matanga, na yeye hatavua nguo nyeusi mtoto akiwa bado juu ya jiwe.

Basi Jumamosi hiyo ya Oktoba, mwaka 2012, Kyungu alivaa suti aliyomzikia binti yake akapanda treni ya Dinant kwenye kituo cha Gare du Midi. Alifuatana na Joke, msichana wa Kiflemi aliyesoma na Graciella chuoni na aliyekuwa naye katika kikundi cha wapandaji siku ya ajali. Joke alikuwa na viatu vya mlimani na mkoba wa maji. Kyungu alikuwa na viatu vya kanisani.

Ukutani mwa sebule ya Kyungu kulikuwa na picha. Yumo yeye, kijana wa miaka ishirini na mitano, kofia ya mgodi kichwani, na nyuma yake unasimama mnara wa chuma wa mgodi mmoja wa kwao Likasi, ule wa kuteremshia watu chini ya ardhi. Kwa miaka mingi aliwasimulia watoto wake kwamba kila asubuhi aliupanda mnara ule mpaka juu, mkono mmoja mfukoni, akapake mafuta magurudumu yake. Uongo mtupu. Kyungu alikuwa karani wa getini, kazi yake kuandika majina ya wanaoingia na kutoka. Mara moja tu, kwa kubishana na wenzake, aliujaribu huo mnara, na kwenye ngazi ya kumi na mbili mikono ikamfa ganzi. Ikabidi rafiki yake Kabeya apande na kumteremsha mgongoni, zamu nzima ikitazama, naye suruali imelowa.

Tusimhukumu haraka. Mtu amefika Brussels, amepewa ndoo na fagio, watoto wanarudi shuleni wanauliza baba alikuwa nani kwao. Ukiwa na picha ya mnara ukutani, utausemea. Na uongo wenyewe ulifaa. Graciella alipokuwa na miaka minane alisimama juu ya ubao wa kurukia kwenye bwawa la kuogelea, akilia, hataki kuruka. Kyungu alimwambia kutoka chini, "Kwetu hakuna muntu anaogopaka." Mtoto akanyamaza, akaruka. Kyungu alitembea na furaha ile mwezi mzima.

Kutoka Dinant walitembea zaidi ya saa mbili, kwanza kando ya mto, halafu wakapanda msituni juu ya majani yaliyolowa. Kyungu aliteleza mara tatu. Kila miti ilipoachana akaona mto kule chini, alihamishia macho kwenye visigino vya Joke.

Mwishowe msitu ukaisha ghafla. Mbele yao mwamba ulitoka peke yake kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, urefu wa hatua kumi na tano hivi, na kila upande hakuna kitu, hewa tu. Ng'ambo palikuwa na kilele kipana ambako wapandaji hupumzika na kula. Katikati ya mgongo ule, kwenye chuma kilichopigiliwa jiweni, marafiki walikuwa wamefunga maua ambayo sasa yalikuwa yamekauka. Ndipo hapo.

Miguu ya Kyungu ilikataa. Ile ladha ya chuma aliyoionja ngazini kule Likasi ikamrudia mdomoni. Akawaza: nitamwita kutoka hapa penye miti, nani atajua? Alphonsine hakuwepo. Akashika tawi, akafungua kinywa.

Joke ndiye aliyemkatiza. Alisema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba kuna jambo hajapata kumwambia. Pale kila mtu hukaa. Unakalia mwamba huku mguu mmoja na huku mwingine, unajisogeza kwa makalio, hata kiongozi wao alifanya hivyo, na hakuna anayemcheka mwenzake. Graciella alikuwa akitetemeka, Joke aliyaona magoti yake. Alimsihi akae chini kama wengine.

"Akakataa. Akasema yale maneno yenu, aliyapenda sana, alikwisha kunifundisha," Joke alisema. Akayatamka kwa shida lakini kwa usahihi: "Kwetu hakuna muntu anaogopaka." Kisha akaendelea: "Halafu akasimama. Nilitaka ujue, papa, kwamba mwanao alikuwa jasiri."

Msichana wa watu alidhani anampa zawadi.

Kyungu aliachia lile tawi. Hakulia, maana kilio kilikuwa mbali na pale alipofika. Alijua sasa nani alimwambia mtoto asimame. Aliinama, akaweka kiganja juu ya jiwe baridi, akakaa. Akatanua miguu na suti yake, akaanza kujisogeza kwa makalio, shibiri kwa shibiri, akitetemeka mpaka meno yakagongana. Hakujificha. Alimwambia Joke, bila kugeuka, "J'ai peur," yaani naogopa, na akalirudia neno hilo kila aliposogea. Jiwe likamchana suruali. Woga haukumwacha hata kidogo, alikwenda nao.

Kwenye maua aliacha kujisogeza, akiwa bado amekaa, akakishika kile chuma kwa mikono miwili.

"Graciella," aliita. "Graciella, mutoto yangu. Papa hakupandaka ile tour, ile munara. Papa aliogopaka. Ikala chini, maman, njo fasi papa iko. Twende ku nyumba."

Upepo ulivuma kutoka mtoni. Alingoja kidogo, kama mtu anavyomngoja mtoto avae viatu, kisha akaanza kurudi kinyumenyume.

Jioni Alphonsine alimfungulia mlango. Aliitazama suti iliyochanika na matope yaliyokauka makalioni.

"Ulimuita?"

"Nilimuita."

"Ulisimama fasi yeye alisimama?"

"Hapana. Nilikala chini." Hapo Kyungu akasema yote, akiwa bado mlangoni: geti, ngazi ya kumi na mbili, mgongo wa Kabeya, ubao wa bwawani, na maneno ambayo Joke aliyasikia mwambani. Alingoja mkewe apige kelele.

Alphonsine hakushtuka. "Ya Kabeya nilijua mbele ya kuolewa," alisema. "Likasi yote ilijua."

"Na hukuambia batoto?"

"Balikuwa banakupenda na ile tour yako. Nikanyamaza. Kila mara ulisema ile maneno, mi nilikuwa pale, nikanyamaza."

Walisimama hivyo, kila mmoja akiogopa kumgusa mwenzake.

"Kesho nitaambia batu," Kyungu alisema.

"Utaambia. Na mi nitasema nilijua."

Alphonsine akaingia sebuleni, akaitoa picha ukutani, akailaza kifudifudi juu ya meza. Kisha akavuta kiti cha Graciella, ambacho hakuna aliyekikalia kwa wiki tano, akakiweka mezani pamoja na vingine, akaenda kupakua chakula.